Aliyechagua Kiti cha Nyuma: Maisha ya Annalena Tonelli wa Wajir

Masomo ya juma: Luka 14:7-11, Marko 10:42-45, Wafilipi 2:3-8



Juma hili mchungaji kiongozi amenipa ukurasa huu niandike juu ya unyenyekevu. Nilimwambia mimi si mtu wa kufundisha somo hilo. Akacheka, akasema ndiyo sababu amenipa. Basi wacha nianze kwa kutubu, halafu nifundishe.

Mwaka juzi nilikuwa na barua ndani ya droo ya meza yangu. Ilikuwa barua ya kujiuzulu. Nilikuwa nimeiandika mara tatu, maana mara ya kwanza hasira ilionekana wazi, mara ya pili ilionekana kidogo, na mara ya tatu nikafaulu kuificha kabisa chini ya maneno ya kiroho. Niliandika kwamba Bwana ananiongoza kwingine. Ukweli ni kwamba Bwana hakuwa amesema chochote. Nilikuwa nimeumia.

Mnajua nilikotoka. Nilisomea biashara chuo kikuu, nikafanya kazi Nairobi katika ofisi yenye kiyoyozi, nikawa na kiti cha kuzunguka na kadi zenye jina langu. Nilipoitikia wito na kuvuka daraja la Tana kuja Garissa, wenzangu waliniona kama mtu aliyeshushwa cheo. Nikavumilia. Nikahudumu miaka sita kama msaidizi. Kisha ikasemekana tutafungua tawi jipya, na kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza, alijua nani atapewa. Mpaka nilikuwa nimeshafikiria kapeti ya madhabahuni itakuwa ya rangi gani. Siku ya kutangazwa, likatajwa jina la ndugu mdogo kwangu kwa umri na kwa huduma, ambaye kabla ya wito alikuwa fundi wa mawe. Hana digrii. Jinsi ya kupanga mahubiri nilimfundisha mimi mwenyewe.

Nilipiga makofi pamoja na wengine. Usiku nikaandika barua.

Kabla sijaitoa, nikatumwa Wajir pamoja na wazee wawili wa kanisa kuwatembelea washirika wetu walioko kule kikazi, walimu na wauguzi. Tulipita Modogashe, tukapita Habaswein, vumbi limetujaa hadi kwenye nyusi, nami kichwani naendelea kuipanga barua yangu. Tulipofika, jioni, tuliketi mahali pa chai. Mzee mmoja Msomali aliyekuwa meza ya karibu akatuuliza tunafanya kazi gani. Tukasema sisi ni watumishi wa kanisa. Akasema, basi ninyi ni wa dini ya Annalena.

Nikamwambia simjui. Akanitazama kwa huruma, kama vile unavyomtazama mtoto ambaye hajui jina la babu yake. Akasema mama yake mzazi alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, akawa wa kufa tu, na mwanamke huyo akampa dawa kwa mkono wake hadi akapona. Mama huyo aliishi miaka mingi baadaye, akaona wajukuu. Kisha mzee akalipa chai yetu sote na kuondoka.

Niliporudi Garissa, badala ya kuitoa barua, nilianza kumtafuta huyu mtu. Nilichokipata ndicho ninachowaletea leo.

Msichana wa Forlì

Annalena Tonelli alizaliwa Aprili 2, 1943 huko Forlì, mji wa kaskazini mwa Italia, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Alisoma vizuri, akafika chuo kikuu, akapata digrii ya sheria. Sisi tunaojua thamani ya karatasi hiyo tunaelewa ilimaanisha nini. Msichana mwenye digrii ya sheria Italia ya miaka ya 1960 alikuwa na njia iliyonyooka mbele yake: ofisi, jina mlangoni, mshahara, heshima ya mji mzima.

Lakini hata akiwa bado mwanafunzi, moyo wake ulikuwa umekwenda kwingine. Kwa miaka sita alihudumu katika mitaa duni ya mji wake mwenyewe, na watoto wa makao ya mayatima, na wasichana wenye ulemavu wa akili. Yeye na rafiki zake wakaanzisha kamati ya kupambana na njaa duniani, na kamati hiyo ndiyo iliyokuja kumshika mkono miaka yote iliyofuata.

Januari 1969, akiwa na miaka 25, alikuja Kenya. Alianza kwa kufundisha katika shule ya wasichana ya Chinga, upande wa Nyeri. Kule kuna baridi, kuna mvua, kuna majani chai. Angeweza kukaa hapo maisha yake yote na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mwaka uliofuata alishuka Wajir kufundisha shule ya sekondari.

Hebu tukumbuke Wajir ya 1970 ilikuwa nini. Vita vya Shifta vilikuwa vimekwisha miaka michache tu iliyopita. Kaskazini Mashariki yote ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, na sheria hizo hazikuondolewa mpaka 1991. Hadi leo mtu wa huku akisafiri kwenda Nairobi husema anakwenda Kenya. Mtumishi wa serikali aliyeletwa huku alijua ameadhibiwa. Yeye alikuja kwa hiari.

Mtu asiye na cheo

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mimi niliposhikwa.

Wengi humwita sista Annalena. Hakuwa sista. Alikuwa Mkatoliki, ndiyo, na najua wapo watakaoniuliza kwa nini jarida letu linamsifu. Jibu langu ni kwamba Msamaria wa kwenye Luka 10 naye hakuwa wa kanisa la msimuliaji. Lakini Annalena hakuwa mtawa. Hakuwa chini ya shirika lolote la kidini. Hakuajiriwa na shirika la misaada kama mtaalamu wa kigeni mwenye nyumba, gari na posho ya mazingira magumu. Hakupokea mshahara kwa ajili ya kazi yake ya huruma. Aliishi kwa msaada wa kamati na rafiki zake wa Forlì. Alivaa nguo ndefu za kawaida na kujifunika kichwa kama wanawake wa pale. Alikula kidogo, akalala kidogo, akawa hana mali ya kuhesabu.

Na kwa macho ya jamii aliyokwenda kuitumikia, alikuwa chini kabisa. Mwishoni mwa 2001, alipokubali kusimama mbele ya mkutano huko Vatikani na kueleza habari zake, jambo ambalo hakulipenda, alieleza hali yake ya mwanzo. Alikuwa kijana, na huku kijana hasikilizwi mbele ya wazee. Alikuwa mzungu na Mkristo kati ya watu wanaojivunia asili na dini yao. Na zaidi ya yote hakuwa ameolewa, hana mume, hana mtoto. Mwanamke wa namna hiyo katika jamii ya wafugaji hana wa kumsemea. Anaonewa huruma tu. Na alikiri kwamba miaka 30 baadaye bado walikuwa wanamwonea huruma kwa sababu hiyo.

Wapendwa, sisi tukidharauliwa tunafanya nini? Tunajitambulisha. Tunasema mimi ni pasta fulani. Tunataja digrii. Yeye alikuwa na digrii ya sheria ndani ya sanduku na hakuitoa. Alikubali kuwa si kitu mbele yao, akaanza kuhudumu kutoka hapo chini. Wafilipi 2 inatuambia Kristo alikuwa na kila haki ya kushikilia utukufu wake, naye akaachilia, akachukua nafasi ya mtumwa. Nimehubiri mlango huo mara nyingi sana. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu aliuishi katika kaunti jirani.

Manyatta ya kifua kikuu

Akiwa mwalimu, aliwaona wagonjwa. Wajir wakati ule kifua kikuu kilikuwa kinamaliza watu, na aliyekipata alifichwa. Ulikuwa ugonjwa wa aibu. Watu waliuchukulia kama laana, na familia iliogopa hata jina lake kutajwa. Wagonjwa wengine waliachwa peke yao wakikohoa damu mpaka wafe. Annalena alikwenda kukaa nao. Hao ndio aliowachagua kuwa watu wake: walio chini ya wale ambao tayari walikuwa chini.

Lakini sikieni, ndugu zangu, unyenyekevu si kufanya kazi ovyo. Kuna watu wakisikia neno hili wanafikiri ni kuinamisha kichwa na kusema mimi siwezi. Yeye alipoona upendo peke yake hautibu mapafu, alirudi darasani. Mwanasheria huyu akaenda kusomea udhibiti wa kifua kikuu hapa Kenya, magonjwa ya nchi za joto Uingereza, na ukoma Hispania. Alikubali kuwa mwanafunzi tena, na huo nao ni unyenyekevu. Sisi wengine tukishahitimu hatutaki tena mtu atufundishe.

Mwaka 1976 akapewa kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani, wa kutibu kifua kikuu kati ya wafugaji wanaohamahama. Tatizo lilikuwa hili. Matibabu ya siku zile yalichukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Mfugaji hawezi kulala wodini muda wote huo. Mvua ikinyesha upande mwingine, ngamia wanahama, naye anahama. Akipata nafuu kidogo anaacha dawa, ugonjwa unarudi, na safari hii unarudi ukiwa sugu na anawaambukiza watoto. Wataalamu wengi walikuwa wameshahitimisha kwamba wafugaji hawatibiki.

Kumbe kosa halikuwa la mfugaji. Kosa lilikuwa la hospitali iliyomtaka mfugaji abadilike ili aifae. Annalena akageuza mambo. Wagonjwa waliruhusiwa kuja na familia zao na kusimamisha vibanda vyao wenyewe vya miti na mikeka karibu na kituo. Wakaishi kama wanavyoishi nyumbani. Dawa zilikuwa za mpango mfupi wa miezi sita, na kila siku mgonjwa alimeza dawa zake mbele ya mhudumu, macho kwa macho, ili asiruke hata siku moja. Mahali hapo pakaitwa Manyatta ya TB, na jina la TB Manyatta lipo Wajir mpaka leo. Mpango ule wa kumeza dawa mbele ya mhudumu ulikuja kuwa ndio mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na nchi nyingi zikaufuata.

Mimi ni mtu wa biashara, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa lugha yangu. Darasani tulifundishwa kumjua mteja kabla ya kumuuzia. Lakini huwezi kumjua mtu kama umekaa kiti cha juu kuliko chake. Cheo kinakupa sauti ya kuamuru, lakini kinakunyima masikio. Aliyeketi mkekani kando ya mgonjwa ndiye aliyegundua kwamba mgonjwa hakuwa mkaidi, alikuwa na ngamia tu.

Wagalla

Sasa nafika mahali pagumu. Kuna washirika wetu na majirani zetu ambao jambo hili ni la nyumbani kwao, kwa hiyo naliandika kwa heshima.

Februari 10, 1984, vikosi vya usalama vilianza operesheni Wajir. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kutoka nyumba zao na kupelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji. Walishikiliwa pale siku kadhaa juani, bila maji, wengi wamevuliwa nguo. Wengi waliuawa. Miili mingine ilitupwa porini. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa walikuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema ni karibu 1,000. Manusura wanasema idadi ni kubwa kuliko hiyo.

Mji ulikuwa umeshikwa na hofu. Mtu mwenye cheo alikuwa na cheo cha kupoteza. Mwenye kandarasi alikuwa na kandarasi. Annalena yeye alikuwa na gari, dawa, na watu wachache waliokuwa tayari kwenda naye. Alikwenda porini. Aliokota waliokuwa bado wanapumua, akawatibu. Alisaidia kuzika waliokufa. Akaorodhesha majina. Na majina hayo pamoja na picha yakapita kwa siri hadi kwa mke wa mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa Nairobi, na dunia ikajua.

Nimelitafakari jambo hili sana. Tumezoea kufundishwa kwamba mnyenyekevu ni mtu mpole, anayenyamaza, anayekubali kila kitu. Viongozi wengine wa kanisa wanalipenda sana fundisho hilo kwa sababu linawanyamazisha walio chini yao. Lakini Wagalla inaonyesha kinyume. Aliyethubutu kusema alikuwa yule asiye na kiti. Mtu anayependa kiti chake hupima kila neno kwa kiti hicho. Anajiuliza, nikisema hili, nitapoteza nini? Anaishia kunyamaza, halafu kunyamaza huko anakuita hekima. Annalena alikuwa ameshaacha kila kitu kwa hiari miaka 15 kabla ya siku ile. Hakubaki na kitu cha kutishiwa nacho ila uhai wake, na huo nao alikuwa ameshautoa.

Kwa hiyo tusimdanganye mtu. Unyenyekevu wa kweli haukufanyi kuwa mwoga. Unakuondolea kile ambacho woga hukushikia.

Gharama yake ilikuja. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya. Miaka 15 ya kazi Wajir, wagonjwa, manyatta, kituo cha walemavu alichokianzisha na wenzake, vyote vikabaki nyuma.

Kuanza tena, na tena

Mwenye kutafuta jina angerudi Italia na kuandika kitabu. Angealikwa kila mahali. Yeye alivuka mpaka akaingia Somalia, akaanza upya Beledweyne, baadaye Marka, kazi ile ile ya kifua kikuu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamkuta huko. Aliporwa, akatishwa, akaona njaa ya miaka ya 1990 kwa macho yake. Oktoba 1995, baada ya yeye kuondoka Marka, daktari Mwitaliano aliyeshika nafasi yake katika hospitali ile, Graziella Fumagalli, aliuawa kwa risasi.

Mwaka 1996 Annalena akaanza tena, safari hii Borama, Somaliland. Alikuwa na miaka 53. Pale aliijenga hospitali ya kifua kikuu mpaka ikafika vitanda zaidi ya 200. Akaanzisha shule ya watoto viziwi na wenye ulemavu mwingine, mahali ambapo watoto hao hawakuwa wamewahi kuhesabiwa miongoni mwa watu wa kwenda shule. Akaleta madaktari wa macho, na maelfu ya vipofu wa mtoto wa jicho wakaona tena. Akapiga vita ukeketaji pamoja na wanawake wa pale pale. Akawapokea wagonjwa wa ukimwi wakati ambapo hakuna aliyetaka hata kuwasalimu.

Si wote waliofurahi. Wapo waliompinga hadharani, wakaandamana kumtaka aondoke na wagonjwa wake. Alibaki.

Juni 2003, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilimpa Tuzo ya Nansen huko Geneva. Mwanamke aliyekimbia kamera miaka 34 akasimama kwenye jukwaa, kisha akarudi Borama kwa wagonjwa wake. Jioni ya Oktoba 5, 2003, ndani ya uwanja wa hospitali yake, alipigwa risasi ya kichwa. Alikuwa na miaka 60.

Viti vyetu vya Garissa

Wapendwa, sijaandika haya ili tuseme alikuwa mtakatifu, tufunge jarida, twende tukanywe chai. Turudi kwetu.

Sisi kanisa la Garissa ni wachache. Tumepitia ya kupitia. Julai 1, 2012 makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa wakati wa ibada. Aprili 2, 2015 ilikuwa Chuo Kikuu, watu 148. Sisi tuliobaki tunajua tulibaki kwa neema. Na tukumbuke pia kwamba baada ya 2012 viongozi wa Kiislamu walijitokeza kusema vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Majirani walishuka wakasimama mlangoni petu.

Sasa ndani ya kanisa lililopita katika moto kama huo, sisi tunagombania nini? Tunagombania viti. Nani akae kwenye sofa na nani kwenye kiti cha plastiki. Nani aitwe mchungaji, nani mtume, nani nabii, nani askofu. Nani jina lake lianze kwenye bango. Mgeni akisimama kusalimu, anatumia dakika kumi kusema itifaki imezingatiwa, halafu anaanza kuitaja itifaki yote. Na mimi nimekaa pale mbele nikisikiliza kama jina langu litatajwa, na kwa nafasi ya ngapi. Ndiyo, mimi. Sijifichi.

Katika Luka 14 Yesu alikuwa mwalikwa, akawatazama watu wakichagua viti. Hilo linanitisha kidogo. Maana yake Bwana anatazama hata sekunde ile ndogo ya kuchagua pa kuketi.

Tusichanganye, lakini. Cheo si dhambi. Kanisa linahitaji wachungaji, wazee, waweka hazina, na mtu akiitwa kwenye nafasi aishike sawasawa. Annalena mwenyewe alisimamia mradi, wafanyakazi na hospitali nzima. Tofauti ni kwamba nafasi ilikuwa chombo cha kazi. Siku ilipochukuliwa Wajir, hakuangamia, kwa sababu hakuwa amejenga jina lake juu yake. Jipime kwa swali hilo moja: nafasi yako ikichukuliwa kesho, utaendelea kuwahudumia wale wale?

Mimi nilijipima. Nikaona barua yangu ndiyo jibu. Nafasi ilikwenda kwa mwingine, nami nikawa tayari kuwaacha watu niliosema nawapenda.

Barua

Niliichana barua hiyo, nikaitia kwenye jiko la makaa. Hakuna malaika aliyetokea. Siku ndugu yetu aliposimikwa katika tawi jipya, nilimwomba mama anayesimamia chakula anipe kazi. Akanipa jagi na beseni niwanawishe wageni mikono. Nikaanza meza ya kwanza. Kwenye meza ya tatu nikamkuta mwanaume niliyefanya naye kazi Nairobi, sasa ana kitambi na gari kubwa. Aliniangalia, akaangalia beseni, akaniuliza kwa upole kama bado mimi ni msaidizi.

Ningependa kuwaambia nilijibu kwa furaha. Iliniuma, wapendwa. Iliniuma hadi masikio yakawa moto. Nikasema ndiyo, bado. Nikamimina maji. Akanawa. Nikasogea kwa mtu wa pili.

Nimegundua kwamba kiburi hakifi siku moja. Unyenyekevu si hisia utakayoipata kwenye kesha, ni kitu cha kuchagua kwa mkono, beseni hili, kisha lile. Annalena alichagua hivyo Chinga, akachagua Wajir, akachagua Wagalla, akachagua Borama, na kila mara kiti kilikuwa kinashuka. Na mzee mmoja Wajir, ambaye hatasoma jarida hili, alilipa chai ya watumishi wa kanisa kwa sababu yake, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Sijui mtu atamlipia nani chai kwa sababu yangu. Lakini najua haitakuwa kwa sababu ya cheo changu.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Ni kiti gani, cheo gani au jina gani ambalo likiondolewa kwako utakosa amani? Litaje kwa uaminifu.
2. Ni nani mjini kwetu anayefichwa kwa aibu leo, kama wagonjwa wa kifua kikuu walivyofichwa Wajir? Nani kati yetu atakwenda kuketi naye juma hili?
3. Kuna jambo la haki ambalo umelinyamazia ili kulinda nafasi yako?
4. Soma Luka 14:7-11, kisha Jumapili ijayo uchague kiti chako ukilikumbuka.

Tuombe

Baba, tunakushukuru kwa ajili ya mtumishi wako aliyeshuka kwetu wakati wengine walikuwa wanapanda kwenda kwingine. Utusamehe kugombania viti ndani ya nyumba yako. Wafariji waliopoteza wapendwa wao Wagalla, na waliopoteza wapendwa wao hapa Garissa. Tupe masikio ya kusikia walio mkekani, na ujasiri wa kusema hata kama tutapoteza nafasi. Na tukidharauliwa, tukumbushe ni nani aliyejifunga taulo kiunoni akawaosha wanafunzi miguu. Katika jina la Yesu, amina.